Mwongozo kamili wa kuona ndege wahamiaji hapa Nairobi, Oktoba mpaka Disemba

Sahi huko Ulaya, Urusi na Asia ya kaskazini baridi inaingia, wadudu wanakufa ama wanajificha, na ndege wanaokula wadudu hawana budi kushuka kusini. Wengi wao wanapitia Uhabeshi na Pembe ya Afrika, wanaingia Kenya kutoka kaskazini na mashariki, na wanafika hapa Nairobi wakati ule ule mvua ya vuli inaanza na kumbikumbi wanatoka ardhini. Kwa hivyo kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka karibu Krismasi mji huu wetu unajaa wageni, na wengi wetu tunapita chini yao kila asubuhi tukikimbilia matatu bila kuinua kichwa.

Nitakueleza hatua kwa hatua venye unaweza kuwaona hata kama hujawahi kushika darubini. Na nianze na lile naamini kuliko yote: chagua mahali pamoja karibu na kwako, na urudi hapo hapo tena na tena msimu wote. Mtu anayezunguka Karura ile ile kila wiki anajua siku gani mgeni amefika, kwa sababu anajua jana hakuwa hapo. Mwenye anaenda kila mahali mara moja anarudi na picha nzuri lakini hajui ameona nini.

Hatua ya kwanza: jua kalenda

Usitoke tu hivi hivi. Ndege wa majini wanatangulia, kina chamchanga (sandpiper) wanaanza kuonekana kwenye mabwawa tangu Agosti na Septemba, na mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, nao wako hapa mapema. Oktoba wanapita keremkerem (bee-eater) wa Ulaya, Merops apiaster, na wale wadogo wa kwenye majani wanaanza kuingia. Novemba ndio kilele, korongo weupe, tai wa nyika, machole (roller), mbwigu (shrike) wa kutoka nje, kila kitu. Mwisho wa Novemba na Disemba ndio wakati wa kozi (falcon) wa Amur, Falco amurensis, nitamrudia kwa sababu huyo anastahili aya yake. Halafu wengine wanaendelea kusini hadi Zambia, Botswana, Afrika Kusini, wengine wanakaa na sisi mpaka Machi ama Aprili ndio wanarudi kuzaa kwao.

Ninaandika majina ya kisayansi pale jina la Kiswahili linabeba ndege wengi, manake ukisema tu keremkerem Nairobi tuko nao aina kadhaa. Hayo majina ya kisayansi ukiyaandika kwenye apu ya eBird ama Merlin yanakubali, na zote mbili ni za bure.

Hatua ya pili: jua wenyeji kwanza

Hii watu wanairuka na ndio inawaangusha. Kabla hujamtambua mgeni lazima umjue mwenye nyumba. Tumia Septemba na mwanzo wa Oktoba kuwazoea wa kila siku: shore, kunguru, mwewe, teleka (swift) wadogo wenye kiuno cheupe wanaojenga chini ya madaraja na kwenye majengo, yule mweusi na mweupe wa kutikisa mkia kwenye nyasi, marabu wa Mombasa Road pale karibu na Nyayo Stadium ambao wako mwaka mzima na wala si wahamiaji. Ukiwazoea hao, siku moja utaona kitu kimekaa kwenye waya na mwili wako wenyewe utakuambia huyu si wa hapa.

Mifano ya kufanyia mazoezi. Chole wa kwetu ana koo la zambarau hafifu, yule wa Ulaya, Coracias garrulus, kichwa na kifua vyote ni bluu na mgongo ni kahawia. Keremkerem wa Karura anayekaa mwaka mzima ni kijani na kifua chake ni cha rangi ya kahawia iliyoiva, wa Ulaya ana utosi na mgongo wa kahawia, koo la manjano na tumbo la bluu ya bahari, na mara nyingi utamsikia juu sana kabla umuone, sauti kama pruu pruu laini, kundi zima. Mbayuwayu wa Ulaya mwangalie kifuani, ana mshipi mweusi na koo jekundu juu yake. Usitegemee ile mikia mirefu, wakati huu wengi wao ni wachanga ama wanabadilisha manyoya na mkia ni mfupi.

Hatua ya tatu: vifaa

Unahitaji darubini, notibuku na kalamu, basi. Kamera si lazima, na kwa maoni yangu mtu anayeanza na kamera anachelewa kujifunza kwa sababu anaangalia skrini badala ya ndege. Darubini tafuta iliyoandikwa 8x42, maana yake inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Ile ya 10x inavutia dukani lakini inatetemeka mkononi, na msituni ambapo ndege yuko karibu na anaruka ruka inakusumbua. Ukinunua ya mtumba, elekeza kwenye bango la mbali, ukiona picha mbili zisizokutana ama ukianza kuumwa macho, iache.

Ukishaipata irekebishe macho yako, hii hufanywa mara moja tu. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi ya mbali yawe wazi kwa jicho la kushoto. Sasa funga la kushoto, fungua la kulia, na bila kugusa gurudumu la katikati zungusha ile pete ya kwenye kioo cha kulia mpaka iwe wazi pia. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati peke yake. Nimeona watu wakilalamika darubini ni mbaya kumbe hiyo pete haijawahi kuguswa.

Na njia ya kumpata ndege ni hii: mkazie macho bila kupepesa, inua darubini hadi machoni bila kuangalia chini. Ukiangalia chini umempoteza. Fanya mazoezi na kunguru wa jirani.

Nguo za rangi iliyotulia, koti la mvua, gambuti ama viatu vya kushika matope, maji. Simu iwe na chaji.

Hatua ya nne: chagua mahali

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, na tukumbuke iko hapo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama na kupigwa mwaka 1999 ili isigawanywe. Unaweza kuingia kwa upande wa Limuru Road ama Kiambu Road. Hapo tafuta Sylvia atricapilla, dume ana kofia nyeusi na jike ana kofia ya kahawia, wanapenda miti yenye matunda madogo na wanatoa mlio wa tak tak kama mawe mawili yakigonganishwa. Kando ya mto na kwenye maporomoko angalia Motacilla cinerea, mgongo wa kijivu, manjano chini, mkia mrefu unaopanda na kushuka bila kupumzika. Na kwenye njia zenye kivuli kuna Anthus trivialis, yule wa kifua chenye michirizi anayetembea chini taratibu halafu ukimkaribia anaruka juu ya tawi badala ya kukimbilia mbali.

Arboretum inatosha kabisa kwa mtu wa mjini, ni hekta 30 tu na ilianzishwa 1907, unaimaliza asubuhi moja na bado unawahi kazini ukiharakisha. Lakini iko karibu na Ikulu, kwa hivyo kuwa mwangalifu unaelekeza wapi lenzi. City Park nayo na uwanja wa Makumbusho ni pazuri kuliko watu wanavyodhani.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni kilomita za mraba 117, ilitangazwa 1946, na ndege waliorekodiwa humo ni zaidi ya aina 500. Kwa wahamiaji wa nyika hakuna mahali pengine karibu panapoikaribia. Shida ni lazima uwe na gari, kushuka kunaruhusiwa sehemu chache tu zilizotengwa, kwa hivyo changeni watu wanne ama watano kwa gari moja, inakuwa nafuu. Fikeni getini saa kumi na mbili asubuhi. Anzieni bwawa la Nagolomon ambalo haliko mbali na geti kuu, halafu mwelekee uwandani. Kwenye nyasi fupi tafuteni kina Oenanthe, ndege wa kusimama wima juu ya jiwe ama kichuguu, akiruka utaona kiuno cheupe na mkia wenye alama nyeusi. Kwenye vichaka vya miba kaangalieni mbwigu wa nje, Lanius isabellinus ana rangi ya mchanga na mkia wa kutu, Lanius collurio dume ana kichwa cha kijivu na mgongo wa kahawia nyekundu. Wa kwetu ni mweusi na mweupe, hamtawachanganya. Na mkiona ndege wakubwa weupe mia wakitembea nyasini wakiwa na midomo na miguu myekundu, hao ni korongo weupe, Ciconia ciconia.

Kwa ndege wa majini, mabwawa ya majitaka ya Ruai, wengi huita Dandora, ndiyo maarufu kwa miaka mingi. Harufu ipo, lakini bata wa kaskazini wanapapenda, yule wa mdomo mpana kama kijiko, Spatula clypeata, na wenzake. Usiingie bila ruhusa, ni eneo la kazi, omba kibali mapema. Kama hiyo ni ngumu panda matatu ya Limuru ushuke bwawa la Manguo kando ya barabara kuu. Maji yake hupanda na kushuka na mvua, na yakiwa na ukingo wa matope ndio siku yako. Ondiri kule Kikuyu ni hivyo hivyo, kinamasi cha kweli karibu na mji.

Bei za kuingia na njia ya kulipa hubadilika, angalia eCitizen usiku kabla ya kutoka ili usikwame getini.

Hatua ya tano: fuata mvua

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndio siri yenyewe. Wale ndege wadogo wa kwenye majani wanasafiri usiku. Usiku ukiwa safi wanapita juu yetu moja kwa moja na asubuhi huoni mtu. Usiku ukiwa na mawingu mazito na mvua wanashuka, na asubuhi miti ambayo jana ilikuwa kimya inatembea. Hiyo ndio maana kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 watu wamekuwa wakienda Novemba na Disemba siku za giza la mwezi kuwavisha ndege pete, ukungu ukishuka usiku taa za hoteli zinawavuta kwa maelfu, wananaswa kwa nyavu laini, wanapimwa, wanavishwa pete na kuachiliwa. Ndege waliovishwa pete hapo wamepatikana Ulaya na Mashariki ya Kati, na ndio tumejua njia zao.

Kwa hivyo wewe ukisikia mvua imepiga mabati usiku kucha na saa kumi na moja imetulia, amka. Hata kama ni Jumanne. Jua linachomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, na masaa mawili ya kwanza ndio yana thamani.

Tembea polepole kuliko unavyodhani ni polepole, hatua kumi simama, sikiliza, angalia kitu chochote kinachosonga. Mgeni utakayemwona zaidi ni Phylloscopus trochilus, ndege wa gramu 10 hivi ama chini ya hapo, kijani hafifu juu, manjano hafifu chini, mstari mwembamba juu ya jicho, anazunguka kwenye mgunga akiokota vidudu bila kutulia. Anatoka mpaka Siberia huyu! Na anaimba akiwa hapa, wimbo mtamu unaoanza juu na kushuka taratibu mpaka unaisha. Ukiujua huo wimbo utagundua yuko kila mahali, hata kwenye mti wa nje ya ofisi yako. Mwingine ni Muscicapa striata, anakaa wima kwenye tawi lililo wazi, anaruka, anadaka mdudu hewani, anarudi tawi lile lile. Tuna mwenyeji anayefanana naye lakini ni mfupi, mviringo, na hana ile michirizi ya wazi ya kichwani na kifuani.

Mvua ya mchana nayo ina yake. Ikinyesha halafu jua litoke kidogo, kumbikumbi wanapaa, na kila kitu chenye mabawa kinakuja. Teleka wa Ulaya, Apus apus, wanafika mbele ya wingu la mvua kwa mamia, weusi watupu bila kiuno cheupe. Na hapo ndio kozi wa Amur hutokea. Ndege huyu anazaa mashariki ya Siberia na kaskazini mwa Uchina, anashuka mpaka kaskazini mashariki mwa India, halafu anavuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, anaingia Afrika na kuendelea kusini. Kule Nagaland, India, mwaka 2012 ilijulikana wanauawa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu, na mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe wakaamua kuacha na kuwalinda. Kwa hivyo ukisimama Kitengela ama Athi River ukawaona hamsini wakizunguka juu ya kumbikumbi, dume wa kijivu cha moshi mwenye miguu myekundu na weupe chini ya mbawa, ujue unaona kitu ambacho watu wa mbali walichagua kikuache ukione.

Hatua ya sita: mchana angalia juu

Saa nne mpaka saa tisa msitu umelala lakini hewa ya joto inapanda na ndege wakubwa wanaitumia kupaa. Ngong Hills ni mahali pazuri sana, lakini hata juu ya ploti yenu pale nguo zinaanikwa panatosha, kaa na kiti, angalia kingo za mawingu badala ya bluu tupu kwa sababu kwenye bluu jicho halishiki. Tai wa nyika, Aquila nipalensis, siku hizi yuko kwenye orodha ya walio hatarini duniani, kwa hivyo kila mmoja ana maana. Ukimwona ametua mwangalie pembe ya mdomo, ile ngozi ya manjano inafika mpaka nyuma ya jicho, na kwa yule tai wa hapa anayefanana naye inaishia katikati ya jicho. Na kama umeona ndege mnene wa mbawa pana na mkia wa rangi ya matofali, huyo ni Buteo augur, mwenyeji, msalimie uendelee.

Hatua ya saba: andika hapo hapo

Ukimwona ndege usikimbilie kitabu ama simu. Mwangalie mpaka aondoke, halafu andika: ukubwa akilinganishwa na shore, mdomo, rangi ya kichwa, kifua, kiuno, alikuwa anafanya nini, mahali, saa, hali ya hewa. Ndio ufungue apu. Ukifungua kwanza apu itakupa jina na jicho litaanza kuona kile jina linataka.

Andika pia idadi, hata kwa kukadiria, na usiache wa kawaida. Kisha peleka data yako. Kuna mradi wa Kenya Bird Map ambao umeigawa nchi kwa vipande vya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo kwenye ramani, kama kilomita 9 kwa 9, unatumia apu ya BirdLasser. Sheria yake ni utafute ndege kwa bidii angalau masaa 2, uandike kila aina kwa mpangilio uliyoiona, na unaweza kuendelea kuongeza mpaka siku 5. Kipande chenye nyumba yako ndani yake kinaweza kuwa hakina orodha nyingi za Novemba, na hapo wewe ndiye mwenye kujaza.

Kama unaogopa kuanza peke yako, Nature Kenya, chama kilichoanzishwa 1909, kina matembezi ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Fika kabla ya saa tatu, thibitisha nao kwanza. Hapo utapata watu wa kukuonyesha kwa kidole, na asubuhi moja na mtu anayejua ni sawa na mwezi wa kujisomea.

Adabu na usalama

Usicheze rekodi ya sauti kumwita mgeni aliyechoka, amevuka jangwa na anahitaji kula. Usimfukuze ili aruke upate picha. Msituni nenda wawili ama zaidi, hasa Ngong Road Forest, na ujulishe askari wa getini unaelekea wapi. Usielekeze darubini kwenye kambi, uwanja wa ndege ama dirisha la mtu, na askari akikuuliza mwonyeshe notibuku, mweleze kwa utulivu, mara nyingi ataishia kukuambia ndege aliyemwona yeye.

Na paka wa nyumbani, tafadhali, asubuhi za mvua mfungie ndani mpaka saa tatu. Hao wadogo wakishuka wamechoka wanakaa chini sana.

Ukiokota ndege amekufa ama amegonga kioo, angalia miguu. Kama ana pete ya chuma usiitoe kama yuko hai, isome namba yote na maandishi yake, piga picha, andika tarehe na mahali, na upeleke habari kwa idara ya ndege pale Makumbusho ya Taifa hata kama pete ni ya nchi nyingine. Wao wanajua wa kumwandikia. Aliyegonga kioo na bado anapumua mweke kwenye katoni yenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, umwachie saa moja hivi, kisha ufungue katoni nje karibu na mti.